Mti Usiolala Hauzai

Mtu akipita asubuhi katika soko la Virunga hapa Goma ataona akina mama wamepanga matunda mekundu yenye umbo la yai. Ukiuliza jina lake, mmoja atakuambia ni ibinyomoro, na mwingine atakujibu kwa Kifaransa kwamba ni prune du Japon, yaani plamu ya Ujapani. Jina hilo la pili lina makosa mawili. Kwanza, tunda hilo halikutoka Ujapani bali katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Pili, si plamu hata kidogo. Ni ndugu wa nyanya, na wengi huliita nyanya ya mti. Lipasue, nawe utaona mbegu ndogondogo nyingi. Plamu ya kweli ina kokwa moja tu, ngumu kama jiwe, katikati ya nyama yake.

Basi mwanafunzi mwenye macho atauliza: kwa nini plamu ya jina imejaa sokoni, na plamu ya kweli ni haba? Kwa nini mti wa fyulisi uliopandwa bondeni hutoa majani mazuri na maua machache, wala hauzai kama ule wa mlimani? Swali hili ni dogo, lakini jibu lake lina mambo makubwa ndani yake. Litatupeleka Ujapani na Marekani, kisha litaturudisha kwenye mashamba yetu ya kahawa na misitu yetu, na mwisho litagusa chakula cha watoto wetu.

USINGIZI WA MTI

Miti tunayoizungumza ni ya jamaa moja: mfyulisi, ambao wengine huuita mpichi, pamoja na mplamu, mti wa aprikoti, mcheri na mlozi. Yote huzaa tunda lenye kokwa moja, na mingi kati yake asili yake ni nchi zenye majira manne, ambako kila mwaka baridi kali huja kwa miezi kadhaa.

Katika nchi hizo, kabla ya baridi kufika, mti hutengeneza vichipukizi vya mwaka ujao. Ndani ya kichipukizi kidogo kilichofunikwa kwa magamba, ua limekwisha kuanza kuumbwa. Kisha majani huanguka na mti hulala. Kwa nje huonekana umekufa, lakini ndani uhai unangoja.

Tena haungoji bure. Kama kichipukizi kingefunguka siku ya kwanza ya jua, katikati ya majira ya baridi, umande wa barafu ungerudi kesho yake na kuua ua lote. Kwa hiyo Muumba ameweka kufuli. Ndani ya kichipukizi mna kitu kinachozuia kukua, nacho hupungua kidogo kidogo kadiri baridi inavyoendelea. Wakulima wa matunda hupima jambo hilo kwa saa: huhesabu ni saa ngapi hewa imekuwa chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Aina nyingi za fyulisi za nchi za baridi hutaka saa 600 hadi 1,000 za namna hiyo. Saa zikitimia, kufuli limefunguka, na joto la kwanza linaloendelea huamsha mti wote kwa pamoja.

Lakini saa zisipotimia, mti huamka kama mtu aliyekosa usingizi. Tawi hili linachanua, lile bado limelala. Majani yanachelewa. Maua mengi huanguka bila kushika tunda, na matunda machache yanayobaki ni madogo, wala hayaivi wakati mmoja. Ndiyo maana tunasema kwamba mti usiolala hauzai.

Watu wa Biblia waliijua miti hii. Katika nchi takatifu mlozi ndio wa kwanza kuamka. Huchanua wakati baridi haijaondoka. Jina lake kwa Kiebrania hufanana na neno la kukesha, na kwa sababu hiyo nabii Yeremia alipoonyeshwa tawi la mlozi alifundishwa kwamba Mungu yu macho kulitimiza neno lake. Mkulima naye hana budi kuwa macho, kwani siku hizi saa za baridi zinapungua.

YANAYOTOKEA MBALI

Katika mji wa Kyoto, Ujapani, watu wamependa maua ya micheri tangu zamani sana. Watu wa ikulu, watawa na waandishi waliandika katika vitabu vyao vya siku siku ambayo maua yalifunguka na karamu ikafanyika. Wataalamu wamekusanya maandiko hayo na kupata orodha inayorudi nyuma hadi karne ya 9. Kwa muda mrefu siku hiyo ilicheza mbele na nyuma, mara nyingi katikati ya Aprili. Katika miaka mia moja hivi iliyopita imekuwa ikisogea mapema zaidi na zaidi. Mwaka 2021 maua yalifika kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika orodha hiyo ya miaka 1,200. Watu wale walioandika hawakujua kwamba wanafanya kazi ya elimu. Waliandika tu kwa uaminifu walichokiona, na leo uaminifu wao ni ushahidi.

Sasa tuvuke bahari hadi jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, ambalo limejulikana kwa fyulisi zake muda mrefu. Mwanzoni mwa mwaka 2017 majira ya baridi yalikuwa na joto lisilo la kawaida. Baadhi ya miti haikupata saa zake. Mingine ilichanua mapema, na katikati ya Machi umande wa barafu ukaikuta imefungua maua. Sehemu kubwa ya mavuno ya mwaka ule ilipotea. Mwaka 2023 balaa lilirudi kwa ukali zaidi, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za fyulisi za jimbo hilo zilipotea.

Angalieni ajabu hii: baridi iliharibu mavuno kwa sababu joto lilikuja kwanza. Mti ulidanganywa. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba dunia ikipata joto, basi mkulima wa nchi za baridi anapata faida tu. Mungu alipanga vitu kwa kipimo, na kipimo kikivurugika hata kitu chema huleta madhara kisipofika kwa wakati wake.

MLIMA NA USIKU

Msomaji atasema: sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Desemba na Julai kwetu hazina tofauti kubwa ya joto. Hatuna majira ya baridi. Habari hizi zatuhusu nini?

Zatuhusu sana, kwa sababu nasi tuna baridi yetu, ila inakuja kwa njia nyingine. Kwa watu wa Ulaya baridi huja kwa miezi. Kwetu huja kwa mlima na kwa usiku. Kila mpanda mlima ajuavyo, hewa hupoa kadiri unavyopanda, kiasi cha nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Tena usiku, hasa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti mbingu zikiwa wazi, ardhi hupoteza joto lake upesi. Juu sana katika Karisimbi au Ruwenzori, mchana ni kama majira ya joto na usiku ni kama majira ya baridi, na hivyo kila siku ya mwaka.

Tufanye hesabu ndogo. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Usiku wa hapa huwa na nyuzi 14 hivi. Mti unaotaka nyuzi 7 haupati hapa hata saa moja. Lakini panda mita elfu moja zaidi, nawe utakaribia nyuzi 8, na usiku ulio wazi utashuka chini ya hapo. Hiyo ndiyo sababu mti wa fyulisi wa mlimani huzaa kuliko ule wa bondeni, ingawa udongo wa bondeni waweza kuwa mzuri.

Watu waliotutangulia waliyatambua hayo. Matunda ya nchi za baridi yaliyoletwa Afrika Mashariki hayakukaa pwani, yalipanda mlima. Ndiyo maana mtu hupata plamu na fyulisi Lushoto katika milima ya Usambara na Mgeta katika milima ya Uluguru, huko Tanzania, na plamu pia Limuru, nchini Kenya. Jirani zetu wa Kabale, Uganda, wameanza kulima matofaa milimani. Katika nyanda zetu za juu za Masisi na Lubero nako, miti ya namna hiyo huonekana hapa na pale.

Mlima, basi, ni ngazi, na kila mmea una kidato chake: mgomba chini, kahawa juu yake, kisha viazi na kabichi, na juu zaidi msitu wa mianzi. Baba wa familia anayerithi shamba lake hurithi pia kidato chake. Je, itakuwaje ngazi yenyewe ikianza kusogea?

NGAZI INASOGEA

Joto la dunia limeongezeka kwa zaidi ya nyuzijoto 1 kuliko lilivyokuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wengine hucheka wakisikia namba hiyo: nyuzijoto 1 ni kitu gani? Lakini rudini kwenye ngazi yetu. Ikiwa nyuzi 6 ni mita 1,000, basi nyuzijoto 1 ni kama mita 160. Ni kana kwamba shamba lililokuwa mita 1,900 limeshushwa hadi 1,740, na mwenye shamba hakuondoka kitandani. Tena katika sehemu nyingi za dunia, tangu katikati ya karne ya 20, usiku umeongezeka joto upesi kuliko mchana. Yaani ile ile baridi yetu, baridi ya usiku, ndiyo inayoliwa kwanza.

Mwenye kutaka ushahidi atazame Ruwenzori, kule upande wa Beni. Mwaka 1906 mwana wa jamaa ya kifalme ya Italia, Luigi wa Savoia, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipanda vilele vyake na kuvichora. Barafu ya milele ilifunika wakati ule kilomita za mraba 6.5 hivi. Wataalamu walipopima tena mwaka 2003 waliona haikufika kilomita moja ya mraba, nao wakasema kuongezeka kwa joto la hewa ndiko kulikoila. Babu zetu waliona kofia nyeupe kubwa. Watoto wetu huenda wasione kitu isipokuwa mwamba.

KAHAWA NAYO NI TUNDA LA KOKWA

Huenda familia yako haina mplamu hata mmoja. Lakini je, haina kahawa? Katika Kivu wakulima huliita tunda jekundu la kahawa cerise, yaani cheri, na safari hii jina halikukosea mbali. Kahawa haitoki katika jamaa ya micheri, lakini tunda lake limejengwa vivyo hivyo: ngozi nje, nyama tamu ndani yake, kisha ganda gumu linalofunika mbegu. Wataalamu wa mimea huliweka katika kundi moja la matunda ya kokwa. Basi kila gunia la kahawa linaloondoka Minova, Idjwi, Kirumba au Butembo ni gunia la kokwa.

Kahawa ya arabika haitaki majira ya baridi, lakini hutaka ubaridi wa mlimani. Hupendezwa na mahali ambapo wastani wa joto la mwaka ni nyuzi 18 hadi 21 hivi. Joto likizidi, tunda huiva haraka mno kabla mbegu haijajaa, nayo kahawa hupoteza uzito na utamu. Wataalamu waliochunguza mavuno ya arabika nchini Tanzania tangu miaka ya 1960 waliandika mwaka 2015 kwamba kilichoyashusha zaidi ni joto la usiku. Kwa kila nyuzijoto 1 iliyoongezeka usiku, hekta moja ilipoteza kama kilo 137 za kahawa kwa mwaka. Kwa mkulima mdogo, hizo ni karo za shule za watoto.

Tena adui hupanda pamoja na joto. Yuko mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, anayetoboa tunda la kahawa na kuzaa ndani ya mbegu. Zamani ubaridi wa milima ulimzuia. Katika Kilimanjaro ameonekana akishambulia mashamba yaliyo mita 300 juu zaidi ya alipokuwa miaka kumi hivi nyuma. Kutu ya majani nayo hupenda mahali penye joto na unyevu. Hivyo mkulima anayefikiri kwamba amerogwa au kwamba mbegu yake imechoka, mara nyingi ameshushwa ngazi bila kujua.

MPLAMU WETU WENYEWE

Wengi hawajui kwamba Afrika ina ndugu wa mplamu aliyezaliwa hapa hapa. Wataalamu huuita Prunus africana. Jirani zetu Wanyarwanda huuita umwumba. Ni mti mkubwa wa misitu ya milimani, waweza kufika mita 40. Kokwa zake ni ndogo na chungu. Mtu hali, lakini ndege na nyani hula na kupanda mbegu zake kila mahali bila kudai mshahara.

Mti huu umepatwa na misiba miwili. Wa kwanza ni gome lake. Tangu miaka ya 1960 dawa ya kutibu tezi ya wanaume wazee hutengenezwa Ulaya kutokana na gome hilo, na Kivu ya Kaskazini ni moja ya nchi zinakotoka. Mvunaji mwema huchukua sehemu tu ya gome, upande huu leo na upande wa pili baada ya miaka, na mti hupona. Mwenye tamaa huuvua gome lote, kuzunguka shina, na mti hufa. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya sheria ya mapatano ya dunia.

Msiba wa pili ni ule ule wa joto. Mti huu huishi milimani tu, na kila mlima kwake ni kama kisiwa. Kisiwa kikipungua, hauna mtumbwi wa kwendea kingine.

MLIMA UNA MWISHO

Mtu atasema: joto likipanda, nasi tupande. Tuhamishe kahawa juu, viazi juu yake, na fyulisi juu kabisa. Shauri hilo ni zuri mpaka pale linapoishia. Wanafunzi wakumbuke somo la hesabu: mlima una umbo la pia. Ukifika nusu ya urefu wa pia, eneo la duara ulilolifikia ni robo tu ya lile la chini. Kila mita tunayopanda inatunyima ardhi. Tena juu ya mashamba mengi kuna mpaka wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambamo wanaishi sokwe wa milimani na ambamo maji yetu hutunzwa. Tukiuvuka mpaka huo kwa panga na moto wa makala, tutakuwa tumekata chanzo cha mvua ili kuokoa shamba linaloitegemea mvua hiyo.

Zaidi ya hayo, mahali watu wanapogombania ardhi ya juu, ugomvi wa shamba huwa upesi ugomvi wa kabila na kabila. Hatuhitaji kufundishwa hayo katika Masisi na Rutshuru. Mwezi wa Januari 2025 mapigano yaliingia katika mji wa Goma wenyewe, na familia nyingi zimekimbia zaidi ya mara moja. Mfyulisi hutaka miaka miwili au mitatu kabla ya tunda la kwanza, kahawa mitatu au minne. Anayekimbia hubeba sufuria na mtoto. Mti hawezi kuubeba. Kwa hiyo amani nayo ni mbolea ya bustani, na anayeiba amani ameiba matunda ya miaka mingi.

TUFANYE NINI?

Hatupendi kumwacha msomaji katika huzuni. Yako mambo ambayo familia yaweza kuyafanya, na hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kuchagua mbegu kwa akili. Asipande mtu kokwa ya tunda alilolinunua katika sanduku lililotoka Ulaya, akitumaini mavuno. Mtoto hufuata mama, naye atadai baridi ya mama yake. Zipo aina zilizofugwa makusudi kwa nchi zenye baridi kidogo. Katika Florida, kusini mwa Marekani, wataalamu wametoa aina za fyulisi zinazoridhika na saa 150 au chini ya hapo. Matofaa yanayolimwa Kabale ni aina ya Anna, iliyotoka Israeli, na Dorsett Golden, iliyotoka visiwa vya Bahama. Miche hiyo hubebeshwa juu ya shina lingine lenye mizizi hodari, na kazi ya kubebesha ni ufundi ambao kijana mwenye mkono mwepesi aweza kujifunza.

La pili ni kuulaza mti kwa mkono. Katika mji wa Batu, kisiwa cha Java, hakuna majira ya baridi, lakini matofaa huzaa vizuri. Siri yao ni hii: baada ya kuvuna, wakulima huondoa majani yote kwa mkono kabla vichipukizi havijashikwa na usingizi mzito. Mti ulionyimwa majani huanza upya, hutoa majani mapya na maua kwa pamoja, nao huvuna hata mara mbili kwa mwaka. Kabale pia hufanya hivyo, pamoja na kupogoa na kuinamisha matawi ili yalale upande. Ni kazi ya uvumilivu inayofaa familia yote, na watoto wadogo huifanya vizuri kuliko wakubwa.

La tatu ni kivuli katika kahawa. Miti michache iliyopandwa kwa nafasi, pamoja na migomba, hupunguza joto la mchana shambani. Matandazo ya majani makavu chini ya mibuni hutunza unyevu. Matunda yaliyoanguka yaokotwe na kuharibiwa, kwa maana ndimo yule mdudu mtoboaji hujificha kungoja msimu ujao.

La nne, tupande umwumba na miti mingine ya kienyeji kando ya mashamba na viwanja vya parokia. Mbegu yake haingoji. Hupoteza nguvu upesi, basi ipandwe mara baada ya kuokotwa. Anayevuna gome avune kwa zamu na kwa kiasi.

La tano twawaomba hasa wanafunzi na walimu wao. Chukueni daftari moja. Chagueni mti mmoja karibu na shule: mfyulisi, mbuni au mwembe. Andikeni kila mwaka tarehe ya ua la kwanza na ya tunda la kwanza lililoiva. Kama shule ina kipimajoto, kitundikeni kivulini na kuandika baridi ya alfajiri. Darasa linaloondoka liliachie darasa linalofuata daftari hilo. Watu wa Kyoto hawakuwa na vyombo tusivyokuwa navyo. Walikuwa na kalamu na uaminifu. Baada ya miaka ishirini daftari la shule ndogo ya mlimani litaweza kumwambia mkulima kitu ambacho hakuna mgeni awezaye kumwambia.

DENI LA NANI?

Hatuwezi kufunga bila kusema neno la haki. Afrika nzima hutoa chini ya sehemu nne katika mia za moshi mbaya unaotokana na mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa duniani, na ndiyo moshi unaoipasha dunia joto. Mkulima wa Lubero, anayesukuma viazi vyake kwa chukudu ya mbao, hakuyeyusha barafu ya Ruwenzori. Marehemu Papa Fransisko aliliona jambo hilo. Katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, na tena katika Laudate Deum ya tarehe 4 Oktoba 2023, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini haviwezi kutenganishwa, na kwamba mataifa yaliyotajirika kwa kuchoma zaidi yana wajibu mkubwa zaidi. Ni haki yetu kudai hayo kwa sauti, na ni wajibu wetu kutouza misitu yetu wenyewe wakati tunapodai.

Bwana wetu alisimulia habari za mtini uliokaa miaka mitatu bila kuzaa. Mwenye shamba akataka ukatwe. Mtunzaji akaomba mwaka mmoja zaidi, apalilie kuuzunguka na kutia samadi. Hakutoa hoja wala lawama. Aliomba muda, akaahidi kazi ya mikono yake. Basi nasi, mti wetu ukikosa kuzaa, tusikimbilie shoka, wala tusiseme ni uchawi. Tuuulize kwanza kama umelala vema. Kisha tuchukue jembe, tuufanyie kazi ya mwaka mmoja zaidi, na tuiandike tarehe ya ua lake la kwanza.